MKANDA UKILIA, TUANDIKE



Apitaye Kibokoni alfajiri, magari yanapowashwa kwenda kupakia, husikia kelele kali kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Ni mkanda wa feni. Sisi madereva twaijua sauti hiyo, na matajiri waijua pia. Lakini jibu tupatalo ni lile lile: "Tia maji, uende."

Mwenzetu mmoja alikwenda. Mkanda ulikuwa umelia wiki nzima, naye alisema kwa mdomo mara tatu. Alipokuwa akipanda Mazeras na mzigo, gari likachemsha, gasketi ya hedi ikaungua. Mwisho wa mwezi akakatwa mshahara, akaambiwa hakutazama maji.

Twasema hiyo si haki. Katika magari mengi mkanda huo ndio uzungushao pampu ya maji, na katika ya zamani huzungusha na feni pia. Ukilegea au ukiingia mafuta huteleza, na kuteleza ndiko kulia kwake. Pampu ikizunguka kwa uvivu, maji ya moto hayafiki kwenye rejeta upesi, na injini huchemka. Vichochoroni mwa Mji wa Kale ni vibaya zaidi, kwani gari huenda pole pole na rejeta haipati upepo ila wa feni.

Basi tusikilize vizuri kabla ya kusema. Kelele ikizidi ukanyagapo mafuta au ukatapo usukani, yaelekea mkanda umelegea. Zima injini, uutazame: umepasuka? Unang'aa kama kioo? Una mafuta? Lakini sauti ikiwa ya kusaga, na chini ya pampu pana matone ya maji, yaelekea beringi ya pampu imekwisha. Mkanda mpya hautaiponya. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto, maji yataruka yakuunguze uso. Na maji ya kisima yenye chumvi yasitiwe, maana hula rejeta.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu tajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa ambalo mfanyakazi amelifanya kwa makusudi. Kwa makusudi, ndugu! Aliyetoa habari akaamrishwa aendelee, makusudi yake yako wapi? Taabu ni ushahidi: neno la mdomo hukanwa.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Kila gari liwe na daftari. Dereva aandike siku, saa, kelele aliyoisikia na mshale wa joto ulipofika, na tajiri atie sahihi. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa, taniboi ashuhudie, na nakala iletwe chamani.

Tajiri mwenye busara atashukuru, maana bei ya mkanda ni ndogo sana mbele ya bei ya hedi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi hatukubali ukuta huo ujengwe kwa mshahara wetu.