Twiga wa Mafia

Wadau, kuna aliyewahi kuona twiga Mafia? Mimi bado. Lakini ingia kwenye vibanda vya zawadi vya watalii: picha ni twiga, Mmasai na Mlima Kilimanjaro. Jamani, Mafia ina mlima gani?

Sina ugomvi na Edward Saidi Tingatinga. Yeye alichora kwa rangi ya baiskeli akaanzisha kitu chake. Ugomvi wangu ni sisi tunaonakili tu.

Kukopa si kosa. Baadhi ya wachoraji wa leo Ulaya hurudi Zama za Kati na kwenye picha za watakatifu za Bizanti. Hata Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichukua desturi ile ya kale ya kuchora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa. Mwaka 1959, kule Murang'a, Kenya, aliwachora Waafrika katika mazingira ya pale pale. Alikopa desturi, sura zikawa za kwetu.

Na Mafia ina ya kale yake. Kisimani ziliokotwa sarafu za masultani wa Kilwa, maandishi yake ya Kiarabu yana vina. Kua, kisiwani Juani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa bado zimesimama, mizizi imezikumbatia.

Ila sehemu kubwa ya Kisimani imeshaliwa na bahari. Kwa hiyo wachoraji, pandeni mashua mwende Juani na penseli zenu mapema. Twiga tuwaachie Mikumi. Au nakosea?