Huo Si Mchezo

Mtu aketiye upande mmoja wa meza kwa miaka mingi husahau ugumu wa kiti cha upande wa pili. Mimi ni mwalimu. Kazi hii nilijifunza chuoni, na nimeifanya kwa miaka kumi na miwili. Nimewapokea wazazi wengi, nikawasikiliza, nikawatuliza, nikawaaga. Mwaka jana nilikwenda katika shule nyingine kwa ajili ya mwanangu. Niliketi katika kiti cha mzazi mara tatu, na mara tatu niliondoka na aibu mbili: aibu ya baba asiyeweza kumlinda mwanawe, na aibu ya mwalimu aliyesikia maneno yake mwenyewe kinywani mwa mwingine.

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka tisa. Kila Jumatatu asubuhi tumbo lilimuuma, na kila Jumamosi alikuwa mzima. Mama yake alidhani ni minyoo. Baadaye tulijua kwamba wavulana wawili wakubwa walikuwa wakimngoja nyuma ya madarasa wakati wa mapumziko. Walimnyang'anya andazi lake, wakampanda mgongoni kama punda, wakawaita wenzao waje kutazama. Jambo hili halikuwa la siku moja. Lilichukua muhula mzima, katika uwanja uliojaa watoto na usio na mwalimu hata mmoja.

Mara ya kwanza niliambiwa, "Huo ni mchezo tu. Watoto ndivyo walivyo." Hebu msomaji, tulipime jibu hili. Mchezo una alama mbili: kila achezaye anaweza kuacha apendapo, na zamu hubadilika, hata aliyekuwa paka leo huwa panya kesho. Mwanangu hakuweza kuacha, wala zamu yake ya kupanda haikufika. Wazee wetu walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Shule ile iliuona mzaha, ikaketi kuungoja usaha.

Mara ya pili watoto wote watatu waliitwa ofisini, wakaamriwa kupeana mikono na kusameheana. Ulikuwa upatanisho wa kupendeza macho. Lakini wanaopatanishwa ni watu waliogombana, na mtoto anayeonewa hakugombana na mtu. Ukimpatanisha na anayemwonea, umewapa makosa nusu kwa nusu, naye hana kosa. Mkono ulioshikwa ofisini saa nne ulipindwa nyuma ya madarasa saa kumi.

Mara ya tatu mwalimu mkuu, ambaye sasa alikuwa amechoka nami, aliahidi kuwachapa wale wawili mbele ya shule nzima. Nilikataa. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001; na hata kama kisingepigwa marufuku, kingewafundisha nini? Kwamba mkubwa ana haki ya kumpiga mdogo. Somo hilo walikuwa wamekwisha kulijua, na ndilo walilokuwa wakimfundisha mwanangu.

Siwashitaki walimu wale kwa ubaya wa moyo. Nayajua madarasa yaliyofurika, na najua kwamba mapumziko ndiyo nafasi pekee ya mwalimu kunywa chai. Lakini udhuru haumkingi mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya ukatili wa kila namna. Hakikusema, "ila wakati wa mapumziko."

Yamkini mtu atasema kwamba haya ni manung'uniko ya mzazi mwenye hasira, na kwamba uonevu wa watoto hauna dawa. Dawa ipo, na imejaribiwa. Nchini Norwei, kuanzia mwaka 1983, mtaalamu Dan Olweus aliwafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 katika mji wa Bergen. Walimu walisimama uwanjani wakati wa mapumziko. Kila darasa lilikuwa na kanuni zake dhidi ya uonevu, na mikutano ya kuzizungumza. Walioonea na walioonewa waliitwa, na wazazi wao pia. Katika muda wa miaka miwili uonevu ulipungua kwa kadiri ya nusu. Katika mambo hayo, ni lipi lisilowezekana kwetu? Kusimama uwanjani hakuhitaji fedha. Kuandika katika daftari siku, mahali na jina hakuhitaji mtaalamu.

Sasa nina neno nawe, msomaji, maana wewe si mzazi wala mwalimu mkuu. Wewe umo uwanjani. Wanafunzi wageni wanapoamriwa kufua nguo za wakubwa au kuimba juu ya meza, wewe upo. Pengine hukumgusa mtu. Pengine ulicheka kidogo, ili zamu isije ikakufikia. Lakini mwonevu hatafuti andazi tu, anatafuta watazamaji. Kicheko chako ndicho mshahara wake, na kimya chako ndicho kibali chake.

Utaniuliza mambo ya mwanangu yalikwishaje. Hayakumalizwa na ofisi, wala na hasira yangu. Msichana mmoja wa darasa lake, mdogo kama yeye, alikwenda kwa mwalimu wa darasa akaeleza yote aliyoyaona: siku gani, mahali gani, nani alifanya nini. Wenzake walimwita mmbeya. Lakini mmbeya hupeleka maneno ili mtu aumie. Yeye alipeleka maneno ili mtu apone. Baada ya siku hiyo mwalimu yule alianza kunywa chai yake akiwa amesimama nyuma ya madarasa.

Nilichokitaka kwa muhula mzima kilikuwa hicho tu: mtu mzima mmoja, na kikombe chake, mahali panapostahili. Ikiwa shule yako haijamweka mtu huyo, muombe. Na mpaka atakapokuja, usicheke.