Taa Huhukumiwa Usiku

Picha zote za taa zilizonifikia kwa ajili ya toleo hili, isipokuwa mbili, zilipigwa mchana, taa zimezimwa. Nilipowaomba wahusika warudie kazi usiku, mmoja alinijibu kwamba balbu ikiwaka "inaharibu picha". Jibu hilo limenikaa rohoni wiki nzima. Taa inayoharibika sura kwa kuwashwa ni pambo la dari tu. Ukurasa huu ulikuwa wa pongezi. Nimeufuta nikaanza upya.

Wasomaji wetu mnaujua ugomvi wa mwaka huu: nani aitwe mbunifu na nani aitwe fundi. Je, taa ni ya yule aliyeichora kwenye kompyuta Kigali, au ya mama aliyekaa siku nne kijijini akisuka katani? Makala mbili humu ndani zinaurudia ugomvi huo kwa bidii kubwa. Msukaji alipwe haki yake na jina lake liandikwe kwenye kibandiko. Katika hilo sina la kuongeza. Kinachonikera ni kwamba pande zote mbili zinagombea kofia, na kichwa hakuna anayekiulizia hali. Mwanga unaotoka kwenye taa yenyewe ukoje? Unamwangukia nani? Unamchoma nani macho?

Naandika haya Nyamyumba, ufukweni mwa Ziwa Kivu, mahali ambapo swali hilo huulizwa kila jioni na watu wasiosoma jarida letu. Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, hufunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, wakatandaza wavu na kuning'iniza taa juu ya maji. Sambaza mwenyewe ni mgeni, aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, lakini amekuwa mwenyeji kiasi kwamba giza la hapa bila taa zake lingeonekana pungufu. Zamani zilikuwa karabai zenye mvumo. Siku hizi taa za betri nazo zimeingia.

Juzi niliketi juu ya mawe nikamtazama kijana mmoja akiitayarisha yake. Alikuwa ameivisha kipande cha bati alichokikata kwenye kopo la maziwa, akawa anakunja ukingo wake kwa kidole gumba, kidogo kidogo, hadi miale ikaacha kumpiga usoni mwenzake aliyeshika kasia. Kisha akaishusha, akainama. Muda wote huo taa yenyewe hakuiangalia hata mara moja. Aliangalia maji.

Mtaniambia nachezea hisia, kwamba kopo la maziwa si ubunifu. Basi sikilizeni kisa cha Gifu, Japani. Mwaka 1951 Isamu Noguchi, mchongaji wa Marekani ambaye baba yake alikuwa Mjapani, alipita katika mji huo na kwenda kuwatazama wavuvi wa mto Nagara, wanaovua usiku kwa ndege aina ya mnandi huku moto ukiwaka kwenye omo za mashua. Mji ulikuwa na mafundi wa taa za karatasi na mianzi ambao biashara yao ilikuwa imedorora. Noguchi akaanza kubuni taa kwa kutumia ufundi uleule, akaziita Akari, neno lenye maana ya mwanga, na karakana ya Ozeki ya hapo Gifu inazitengeneza mpaka leo. Poul Henningsen wa Denmark yeye alikuwa ameanza kuujali mwanga wenyewe tangu katikati ya miaka ya 1920: alipanga vifuniko vitatu vya ukubwa tofauti ili aliyeketi mezani asiione balbu. Hiyo ni kazi ileile ya kopo la maziwa.

Sasa turudi kwenye vikapu vyetu, hivi tunavyovigeuza kuwa taa. Balbu ya zamani ya wati 60 iligeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na kuisogezea katani au mafunjo kulikuwa kutafuta moto. LED ya wati 8 au 9 inatoa mwanga wa kadiri hiyohiyo bila kuunguza, nayo ndiyo iliyowafungulia wasukaji mlango wa sebuleni. Lakini tazama tulivyoingia. Kikapu kinapinduliwa, kinatobolewa tundu la waya, balbu inaachwa uchi mdomoni mwake, kisha kinatundikwa usawa wa macho ya anayekula. Halafu soma boksi la balbu yenyewe: 6500K, mwanga wa samawati wa wodini. Chini yake katani yenye rangi ya asali inageuka majivu na mgeni wako anafanana na mgonjwa. Balbu za 2700K zipo, uliza.

Umeme wenyewe si udhuru tena. Mtambo wa gesi wa Busoro, humu humu Nyamyumba, wenye uwezo wa megawati 56, unavuta methani kutoka vilindi vya ziwa hili. Mwanga unazaliwa mlangoni petu, unasafiri kwenye nyaya, halafu unaishia ndani ya kitu kilichochorwa na mtu ambaye hajawahi kukaa chini yake gizani.

Mengine kwa ufupi. Makala ya vioo vya Kitengela isomeni yote: Nani Croze na familia yake, watengenezaji wa vioo hivyo, walijifunza siku nyingi kwamba kioo kilichotupwa huwa kitu kingine mwanga ukipita ndani yake, na zile picha mbili za usiku ni za makala hiyo. Makala ya Zanzibar inatukumbusha Beit-el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililotangulia kuwaka umeme kisiwani. Mwandishi angetuambia pia kandili za shaba zilikwenda wapi. Mahojiano juu ya bei yalikuwa marefu, nimeyakata. Anayeliita kuba la Kigali Convention Centre taa kubwa kuliko zote Rwanda ametia chumvi, lakini nimemsamehe, maana yeye angalau alilitazama usiku.

Kwa watengenezaji nina ombi moja: kabla ya kuleta kazi, itundikeni nyumbani kwenu, mle chini yake chakula cha jioni, mtoto asome chini yake. Njooni hata hapa Rubona, ufukweni, jua likizama, mkae juu ya mawe. Na kwa toleo lijalo sheria ni hii: kila picha iwe ya usiku, taa ikiwaka, na chini yake iandikwe namba iliyo kwenye boksi la balbu. Picha ya taa iliyozimwa haitapokelewa.