KONA YA FAMILIA: Ukulele ya bei ndogo, lakini iimbe

Leo naandika juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nilikosea, ili ninyi msikosee.

Mwaka 2023 binti yangu alikuwa na miaka kumi. Kila Jumapili alikuwa anakaa karibu na mpiga gitaa wa kwaya, anaangalia vidole tu. Akaniomba gitaa. Gitaa ni ghali, na mkono wake ulikuwa bado mdogo. Nikasikia kuna ukulele, yaani kama gitaa dogo la nyuzi nne. Nikauza nusu debe ya maharage, nikamwagiza mtu mjini. Ikaja ya rangi ya waridi, imechorwa maua, inapendeza macho kweli. Wiki mbili mtoto anakaza nyuzi, zinalegea. Anakaza, zinalegea. Mwisho akaisukuma chini ya kitanda, akaniambia: "Papa, mimi sina kipaji."

Maneno yale yaliniuma kuliko maharage.

Nikaipeleka kwa mwalimu wa kwaya. Aliishika dakika tano tu, akasema: "Papa, mtoto hana shida. Hiki ni kitu cha kuchezea. Hata mimi siwezi kukipiga." Kumbe! Pesa unaweza kuitafuta tena, lakini mtoto akishaamini kwamba hawezi, kumrudisha ni kazi.

UKULELE IMETOKA WAPI?
Mwaka 1879 meli ilifika visiwa vya Hawaii ikiwa na watu kutoka kisiwa cha Madeira, Ureno. Walikuwa wanaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kati yao walikuwemo maseremala watatu: Manuel Nunes, José do Espírito Santo na Augusto Dias. Walijua kutengeneza gitaa dogo la kwao, na kutokana na hilo ukulele ikazaliwa. Jina lenyewe wengi hulitafsiri kuwa "kiroboto anayeruka". Viroboto tunawajua sisi, si ndiyo? Basi huyu haumi.

UKUBWA WAKE
Ziko nne. Soprano ina urefu wa karibu sentimita 53, konseti 58, tena 66, baritoni 76. Kwa mtoto au msafiri, chukua soprano. Mtu mzima mwenye vidole vinene atajisikia vizuri zaidi na konseti. Baritoni iacheni kwanza, maana nyuzi zake hupangwa kwa sauti nyingine.

MAMBO MATANO KABLA YA KUTOA PESA
1. Vifunguo vya kukazia nyuzi. Kaza, piga, ngoja kidogo, piga tena. Sauti ikishuka yenyewe, kifunguo kinateleza. Vile vyenye meno ya chuma hushika vizuri. Vile visivyo na meno vina skrubu ndogo kwenye kichwa. Jaribu kuikaza kwa bisibisi kwanza. Wakati mwingine ugonjwa wote uko hapo.

2. Nyuzi ziwe za nailoni au za aina hiyo, laini. Usifunge kamwe nyuzi za chuma za gitaa. Zinavuta kwa nguvu nyingi na zinaweza kung'oa kijiti cha chini.

3. Pima kwa uzi wa kushonea. Hesabu vile vyuma vidogo vilivyolala shingoni mpaka cha 12. Pima kutoka kijiti cha juu, pale nyuzi zinapoanzia, mpaka chuma hicho. Halafu pima kutoka hapo mpaka kijiti cha chini. Vipimo viwili viwe karibu sawa. Vikitofautiana kwa upana wa kidole, achana nayo. Haitaimba vizuri hata akiishika fundi.

4. Bonyeza nyuzi karibu na kichwa. Kama zimeinuka juu sana na vidole vinauma mara moja, mtoto atachoka. Kama zinalia "zzz", ziko chini mno au chuma kimoja kimesimama.

5. Angalia mbao. Chungulia ndani ya tundu, tazama nyufa na sehemu ambazo gundi imeachia.

Rangi na maua? Hayo ni ya mwisho kabisa.

BEI
Wenye ndugu Marekani au Ulaya, waambieni hivi: ukulele nzuri ya kuanzia mara nyingi hupatikana kati ya dola 50 na 80. Kampuni ya Kala, kwa mfano, ina moja ya plastiki inaitwa Waterman, haiogopi maji. Msidharau plastiki. Tangu mwaka 1949 Mario Maccaferri aliuza ukulele za plastiki kwa mamilioni. Kwenye mvua na jua letu, plastiki nzuri inashinda mbao mbovu.

WANAOSAFIRI
Familia zinazoondoka kwenda nchi nyingine, soprano inaingia kwenye begi la mgongoni. Ulizeni kwanza masharti ya mizigo. Isiachwe kwenye gari lililofungwa au chini ya turubai mchana, joto linayeyusha gundi. Na kule kwenye baridi, mashine za kupasha nyumba joto zinakausha hewa na mbao zinapasuka. Usiiweke karibu nazo.

KAMA HAKUNA PESA KABISA
Kopo la mafuta, ubao mgumu wa shingo, na mshipi wa kuvulia samaki. Msicheke. Kundi la Staff Benda Bilili la Kinshasa lilizunguka dunia na kijana Roger Landu akipiga chombo chake, satonge, alichokitengeneza kwa kopo, kijiti na waya mmoja tu.

SIKU ZA KWANZA
Nyuzi mpya zinavutika. Siku kadhaa za mwanzo zitashuka hata kwenye ukulele nzuri. Mwambieni mtoto mapema ili asikate tamaa. Kuanzia uzi ulio karibu na uso, sauti ni so, do, mi, la. Wanakwaya, hizo mnazijua! Ila do ndiyo nzito kuliko zote, na so iko juu ya mi. Mwenye simu ya kisasa anaweza kuweka programu ya bure ya kupimia sauti. Halafu mtoto abonyeze uzi wa la nyuma ya chuma cha tatu, nyingine aziache wazi. Hiyo tayari ni kodi ya C, kwa kidole kimoja.

Na binti yangu? Mwaka 2024 familia tatu tulichanga, tukanunua moja nzuri. Watoto wanne wanapokezana, kila mmoja ana siku zake. Siku ya kwanza alipoikaza, alingoja. Akapiga tena. Sauti ilikuwa pale pale. Akanitazama, akacheka, hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu.

Mwenye swali anione baada ya ibada. Tukutane mwezi ujao.