Gari la Jicho Moja Lisitoke

Ndugu madereva, barabara ya Embu kwenda Meru twaijua: yapanda na kushuka ikivuka mito itokayo Mlima Kenya, Thuci, Nithi na Mutonga. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia Nithi, wakafa watu zaidi ya 30. Hiyo ilikuwa jioni. Usiku hatari huzidi.

Gari liendalo kilometa 80 kwa saa huhitaji zaidi ya meta 50 kusimama, na taa zilizoinamishwa hazimuliki mbali. Basi ukimwinamishia mwenzako taa, punguza na mwendo. Akikupiga taa kali usimlipize: vipofu wawili hawapishani.

Lakini lawama si ya dereva peke yake. Tajiri ataka miraa ifike Nairobi kabla haijanyauka, hata kama taa moja imekufa na dereva hajalala. Tangu 2012 sheria yakataza dereva wa abiria au mizigo kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24.

Twasema hivi: gari la jicho moja lisitoke Maua wala Chuka. Dereva akikataa kuliendesha, chama kisimame naye. Miraa ikinyauka itachumwa nyingine, mtu hachumwi.