Nguzo na Manamba

Kupiga picha visiki vya nguzo za simu kando ya njia za reli zilizokufa hakunikeri. Hata reli yetu ya Bububu, ya mwaka 1905, nimeitungia beti za majonzi. Kinachonikera ni mpiga picha apandaye Kasulu na Kibondo kutafuta masalio hayo. Atayapata wapi? Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Huko milimani haikupanda. Waliopanda ni mawakala wa mkonge: tangu 1944 Silabu iliwakusanya Waha, ikawapa namba, ikawasafirisha kwa treni hadi mashamba ya mbali. Ndio manamba. Nguzo iliyooza inapigwa picha kila upande. Mzee aliyepewa namba haulizwi hata jina. Aulizwe, kwa Kiha chake. Kufasiri nitafasiri mimi, bila ujira.