Nani Kawaambia Shamba ni Mapumziko?

Panda daladala iliyokwama Ubungo jioni yoyote, utaisikia. Kaa kwenye kikao cha harusi au kwenye turubai la msiba, utaisikia tena. "Mimi nikishapata mafao yangu, narudi kijijini. Nafuga ng'ombe wawili, napanda migomba, kuku wa kienyeji, bustani ya mboga. Mke wangu, wajukuu, hewa safi. Maisha rahisi, hakuna presha." Walio karibu huitikia kama waumini kanisani, na mmoja huongeza kwamba hata yeye ana kiwanja huko kwao.

Sijui uongo mtamu unaosambazwa na watu wenye akili timamu kama huu, kwamba maisha ya familia shambani ni rahisi. Kwamba ni mazuri, kwa wengi ni kweli. Kwamba yana heshima, hilo halina ubishi. Lakini urahisi? Anayeyaona rahisi ana mtu anayemfanyia kazi, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Tuanze na hao kuku, maana ndoto zote za aina hii huanza na kuku. "Kuku wa kienyeji hana gharama, anajitafutia." Kweli anajitafutia, mpaka mdondo upite. Ukiingia kwenye banda ambalo halijachanjwa, utawakuta wamejikunyata, wengine shingo zimepinda, wanahara kijani, na katika siku chache banda zima limekwisha. Kinga ipo na si ghali: tone moja la chanjo kwenye jicho la kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Sasa sikiliza kazi iliyomo. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa kaya moja, kwa hiyo majirani wakubaliane siku, wachangishane, mtu afuate dawa mjini, kuku wote wafungiwe tangu usiku ili wasitawanyike alfajiri. Jirani mmoja akikaidi, vifaranga watakaoanguliwa kabla ya chanjo inayofuata wako hatarini. Hapo tumezungumzia kuku tu, mfugo unaosemwa hauna kazi.

Mahindi nayo yana mambo yake. Mvua ya kwanza ikinyesha, mkulima ana siku chache za kukata shauri: apande leo, na mvua ikikatika mbegu imeharibika, au asubiri, na huo unyevu anaouacha upite ndio mahindi yatakaoulilia yakianza kubeba. Kisha palizi ya kwanza, mbolea ya kukuzia, palizi ya pili. Tangu mwaka 2017 tunao pia viwavijeshi vamizi, waliotoka Amerika, ambao hujificha ndani kabisa kwenye majani machanga yaliyojikunja. Kuwaona lazima upite mstari kwa mstari, upanue majani kwa vidole. Ukipuliza dawa mchana jua likiwaka, umewapa pole tu, wamejichimbia. Punje zikianza kukomaa, wanakuja nyani na ngedere, na lazima mtu ashinde shambani akiamia. Ukivuna, anika kwenye turubai mpaka yakauke sawasawa, la sivyo ukungu utaacha sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ukiyaweka ghalani bila dawa wala mifuko ya kinga njaa, anaingia dumuzi, mdudu ambaye wakulima wengine wamempachika jina la Scania kwa jinsi anavyosomba mzigo.

Mtu anayeyajua yote hayo, na akayafanya kwa wakati, ni mtaalamu. Hana cheti ukutani, lakini ni mtaalamu. Hujawahi kumsikia mhandisi akisema, "Nikistaafu nitapumzika, nitakuwa daktari wa upasuaji." Ila karani, mwalimu na meneja wa benki wanadhani ukulima unaingia wenyewe mwilini siku ya kukabidhiwa kiinua mgongo.

Nitaambiwa, "Wewe unazungumzia mahindi. Nenda Uchagani ukaone kihamba." Haya, twende. Kihamba ndiyo picha inayopendwa kuliko zote: migomba juu, kahawa chini yake, magimbi chini zaidi, nyumba katikati, ng'ombe bandani, maji ya mfongo, ule mfereji wa jadi, yakipita. Ni kazi ya akili kubwa, na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo huo, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Mgeni wa Desemba anafika, anakula mtori, anashushia na mbege, anapiga picha na kuandika, "Maisha ndiyo haya."

Asichokiona ni mzigo wa majani. Ng'ombe wa bandani hatoki kwenda kula, chakula kinamfuata. Kiangazi majani ya mlimani hayatoshi, yanakatwa tambarare, yanafungwa mzigo, yanapandishwa mlima. Ni kazi ya kina mama tangu zamani, na mzigo wenyewe ni wa kichwani. Siku hizi bodaboda au gari husaidia, kama hela ipo. Mama akifika, akatekate na mgomba wa kuchanganyia. Samadi itolewe ipelekwe kwenye mashina. Kahawa ichumwe kwa mkono, ile nyekundu tu, na imenywe siku hiyohiyo, la sivyo inaharibika na bei inashuka. Zamu ya maji ya mfongo ikimpita, imempita. Katikati ya hayo kuna kuni, kuna jiko, kuna watoto wa shule, kuna mkwe aliye kitandani. Hata hiyo mbege anayoisifu mgeni imechukua siku kadhaa: ndizi zimepikwa na kuachwa zichachuke, ulezi umeoteshwa, umekaushwa, umesagwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeviunda hayumo kwenye picha, yuko jikoni anaosha vyombo vya wageni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mwanamume anayetangaza kurudi shamba ni hili: umemuuliza mkeo? Yeye naye amefanya kazi miaka thelathini. Naye ana magoti. Mbona kwenye ndoto yako wewe unakaa kibarazani na redio, na yeye anakamua alfajiri?

Kuna wanaojitetea kwa hesabu: kijijini hakuna gharama. Hizi ni hesabu za mtu anayekwenda kijijini na begi la zawadi. Sukari, mafuta ya kupikia, sabuni, dawa ya ng'ombe, sare na daftari vyote vinatoka mjini, na nauli yake imo ndani ya bei. Mjamzito akizidiwa usiku, bodaboda ya kumfikisha kituo cha afya haimngoji avune. Kinachouzwa kwa bei ya chini kijijini ni jasho la mkulima. Mnunuzi wa viazi anakuja na gunia lake, linajazwa hadi mdomoni, kisha linashonewa kilemba cha wavu juu yake, na mkulima analipwa gunia moja. Ndiyo lumbesa hiyo. Sheria ya vipimo inaikataza, kila waziri anaikemea, na bado inapanda malori.

Ukweli ni kwamba kaya nyingi za mashamba madogo zinasimama kwa hela ya nje ya shamba. Rudi kwenye kihamba. Babu aliwagawia wanawe, wanawe wakawagawia watoto wao, na leo kipande kisichofika ekari moja si ajabu. Hakiwezi kulipa ada. Anayelipa ni kijana aliyeko Arusha au Dar es Salaam, anayetuma kwa simu kila mwisho wa mwezi. Ile familia iliyokaa pamoja chini ya migomba, ambayo watu wa mjini wanaiota, mara nyingi imekwisha kutawanyika, na imetawanyika ili migomba ibaki. Sasa mtumaji naye akistaafu akarudi kukaa pale, nani atatuma?

Wapo pia wanaoamini kwamba shamba linamtoa mtu kwenye misukosuko ya dunia: hakuna bosi, hakuna foleni, hakuna siasa. Waulize wakulima wa mahindi wa Rukwa na Ruvuma. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kwenda nje ya nchi, na sisi wa mjini tukafurahia unga. Wao wakabaki na magunia na bei iliyoporomoka. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilichangia kupandisha bei ya mbolea duniani, mpaka serikali ikalazimika kuweka ruzuku. Mkulima wa Mbozi hajawahi kufika Odessa, lakini vita ya huko ilimfuata shambani kwake. Mfanyakazi ana bosi mmoja. Mkulima ana mvua, dalali, mdudu, waziri na soko la dunia.

Uongo huu una historia, na haukuanzia kwenye daladala. Viongozi wetu waliokaa ofisini wamekuwa wakituma watu shambani kwa kaulimbiu tangu zamani. Mwaka 1972 ilikuwa Siasa ni Kilimo, mwaka 2009 ikawa Kilimo Kwanza. Mwaka 1983, katika Operesheni Nguvu Kazi, waliohesabiwa kuwa wazururaji Dar es Salaam walikamatwa na kusafirishwa kwenda vijijini wakazalishe mali. Wengi walirejea mjini. Wangebakia vipi? Walipelekwa kana kwamba ardhi ni jalala la kutupia watu wasio na kazi nyingine, na kana kwamba anayeijua na asiyeijua ni sawa.

Na sisi wazazi tuna unafiki wetu. Mtoto akifeli tunamwambia, "Utaishia kulima." Shuleni mchelewaji aliadhibiwa kwa kupewa jembe akalime bustani ya mwalimu. Miaka arobaini yote jembe ni adhabu na alama ya kushindwa, halafu tukifika sitini, mgongo umechoka, tunalitangaza kuwa pepo yetu. Haiwezekani kazi ileile iwe aibu kwa kijana mwenye nguvu na mapumziko kwa mzee mwenye baridi yabisi.

Wako watakaonirukia na mfano wa Mwalimu Nyerere: alipong'atuka mwaka 1985, si alirudi Butiama akalima? Alirudi, na alilishika jembe kwelikweli. Lakini alikuwa bado mwenyekiti wa chama mpaka 1990, na hakuwa mtu wa kungoja bei ya mahindi ndipo alipe matibabu. Mfano wake unafundisha kuheshimu kazi ya mikono. Kwamba kazi hiyo ni nyepesi, yeye mwenyewe hakusema.

Ubaya wa imani hii hauishii kwa mstaafu anayemwaga mkupuo wake kwenye matikiti aliyoyasoma kwenye kundi la WhatsApp, ingawa huyo naye ananihuzunisha, kwa sababu mkupuo ukishaliwa na shamba hakuna mwingine. Ubaya mkubwa unamwangukia mkulima aliyeko. Sensa ya 2022 ilituhesabu milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yetu tuko vijijini. Maadamu taifa linaamini kwamba watu hao wanaishi kirahisi, halitaona haraka ya kuwapelekea bwana shamba, barabara inayopitika masika, zahanati yenye dawa, mizani ya haki. Kazi inayodhaniwa haihitaji ujuzi hailipwi. Ndiyo maana gunia la mkulima linashonewa kilemba na sote tunapita tukitazama.

Sisemi watu wasirudi. Vijiji vinahitaji watu wenye elimu, fedha na uhusiano na masoko. Ila warudi kama watu wanaokwenda kazini. Mwenye nia aanze akiwa na arobaini na tano, nguvu zingalipo na mshahara ungali unaingia. Ardhi aifuate kwa halmashauri ya kijiji, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyotaka, si kwa karatasi iliyosainiwa chini ya mwembe na shemeji. Akae chini ya mkulima mwenyeji kama mwanafunzi, na amlipe. Kazi ya mkewe aiandike kwenye hesabu, shilingi kwa shilingi, kabla hajajisifu kwamba shamba linaleta faida.

Na wewe unayesoma haya huku ukipigia hesabu mafao yako, usiende kupima ndoto yako Desemba, wakati wa nyama choma, vijana wote wakiwa likizo. Nenda wakati wa palizi, ukae mpaka mavuno, ulipe matibabu na ada kwa ulichovuna peke yake. Ukimaliza msimu huo bado unataka, karibu, tunakuhitaji. Kama hutaki, baki mjini bila aibu yoyote, lakini kuanzia siku hiyo usilalamike mkulima akidai bei inayolingana na kazi yake.